Rudolph Peters: Askari Daktari Aliyeitia Sumu Pingu

Kila litajwapo jina la shujaa wa vita, fikira za wengi wetu huwaendea majemadari waliopanga mashambulizi, au wapiganaji walioteka kilima mbele ya mvua ya risasi. Ni nadra mtu kumkumbuka daktari wa kikosi, aliyepita katika mvua ile ile bila bunduki mkononi. Na ni nadra zaidi kumkumbuka mtaalamu aliyekaa usiku kucha katika maabara akitafuta jinsi ya kumwokoa askari dhidi ya silaha ambayo adui hajaitumia bado.

Leo tumeonelea vyema kuwasimulia maisha ya mtu aliyekuwa hao wote wawili. Naye ni Sir Rudolph Albert Peters wa Uingereza, aliyefariki dunia mwaka 1982. Hatukumchagua kwa ajili ya cheo chake wala utaifa wake. Tumemchagua kwa kuwa kazi yake inamgusa kila mtu avaaye sare, na kwa kuwa dawa iliyotoka mikononi mwake ilifika hata kwenye fuko za Ziwa Viktoria, ikaingia katika mishipa ya watu wetu waliokuwa wakifa kwa malale. Wengi waliodungwa sindano ile hawakupata kulisikia jina lake.

KUZALIWA NA MASOMO

Peters alizaliwa mjini London tarehe 13 Aprili 1889. Baba yake alikuwa daktari, na bila shaka kijana huyu alikua akiona jinsi mgonjwa anavyopokewa na kuhudumiwa. Alisoma katika shule ya Wellington College, ambayo ilijengwa kwa kumbukumbu ya Jemadari Wellington na ikakusudiwa hasa kuwasaidia watoto wa maofisa wa jeshi waliofariki. Kutoka hapo alikwenda London na kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, katika chuo cha Gonville and Caius.

Huko Cambridge alifanya kazi chini ya Joseph Barcroft, mtaalamu mashuhuri wa damu. Jambo walilolishughulikia lilikuwa la msingi kabisa: damu inabebaje hewa tuivutayo? Ilikwisha kujulikana kwamba wekundu wa damu unatokana na kitu kiitwacho hemoglobini, na kwamba ndani ya hemoglobini mna chuma. Lakini je, chuma hicho kina kazi gani, na kila chembe ya chuma hubeba oksijeni kiasi gani? Peters alipima kwa subira chuma kilichomo na oksijeni iliyobebwa, na mwaka 1912 akatoa jibu: kwa kila atomi moja ya chuma hubebwa molekuli moja ya oksijeni, si zaidi wala si pungufu.

Tunawaomba wasomaji walizingatie jambo hili, kwani ndilo litakalotuongoza hadi mwisho wa habari yetu. Chuma kikiwa peke yake katika maji huota kutu na hakimfai mtu. Chuma kile kile kikishikwa barabara ndani ya pete ya atomi za naitrojeni, na pete hiyo ikafungwa ndani ya protini, huwa mchukuzi wa uhai. Ikiwa hivyo ndivyo, basi madini mwilini hayawi mema au mabaya kwa asili yake tu. Yote hutegemea yameshikwa na nani, na yameshikwa namna gani.

KATIKA MAHANDAKI YA UFARANSA

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Peters alikuwa anakamilisha masomo yake ya udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Alifuzu mwaka 1915, na papo hapo akajiunga na Kikosi cha Tiba cha Jeshi la Uingereza akapelekwa Ufaransa.

Mwaka huo una historia mbaya katika vita vya wanadamu. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua maelfu ya mitungi ya gesi ya klorini na kuiacha ichukuliwe na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui. Askari walioivuta walikufa kwa kukosa pumzi. Tangu siku hiyo mbio zilianza: upande mmoja ukivumbua gesi, upande wa pili huvumbua kinyago, kisha huvumbuliwa gesi ipenyayo kinyago, na kadhalika. Julai 1917 ikaja gesi ya haradali, ambayo haikuhitaji kuvutwa puani. Iliunguza ngozi na macho ya kila aliyeguswa nayo.

Daktari wa kikosi katika vita ile hakukaa nyuma ya mstari. Alikuwa pamoja na askari wake, akifunga majeraha katika tope na giza, akitoka kwenda kuwatafuta walioanguka. Peters alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Military Cross, na akatunukiwa tena mara ya pili. Sisi tulio askari twajua kwamba nishani ya namna hiyo haitolewi kwa mtu aliyekaa hemani.

Mwaka 1917 aliitwa arudi nyumbani. Makao ya utafiti wa gesi ya Porton, kusini mwa Uingereza, yalikuwa na upungufu wa wataalamu, na Barcroft, mwalimu wake wa zamani, alikuwa huko. Hivyo Peters akaacha mahandaki akaingia maabara, lakini adui alikuwa yule yule. Mwaka huo huo alioa, na baadaye yeye na mkewe wakajaliwa watoto wawili wa kiume.

NJIWA WA OXFORD

Vita ilipokwisha, Peters alirudi Cambridge kufundisha chini ya Gowland Hopkins, mmoja wa mababa wa elimu ya vitamini. Mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 34, aliteuliwa kuwa profesa wa baiokemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, kiti alichokikalia kwa muda wa miaka 31.

Alichokichukua kwanza kilikuwa ugonjwa wa beriberi, ambao majeshi yaliufahamu vizuri. Mgonjwa wa beriberi huvimba miguu au hukonda, hupooza, na mwishowe moyo hushindwa. Miaka ya 1890, daktari wa jeshi la Uholanzi aitwaye Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku wa maabara yake wakipooza walipolishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipokataa wali wa jeshi kupewa kuku wa raia, kuku wakalishwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapona. Hivyo ikajulikana kwamba katika pumba za mchele mna kitu kikingacho ugonjwa huo. Kitu hicho ndicho vitamini B1, ama thiamini.

Swali la Peters lilikuwa jingine: vitamini hiyo ikikosekana, ni kitu gani hasa kinachoharibika? Aliwatumia njiwa. Njiwa aliyekosa thiamini hupindua kichwa nyuma kwa mishtuko, na akipewa chembe tu ya vitamini huweza kusimama tena baada ya muda mfupi. Sasa, kama ubongo wake ungekuwa umebomoka, usingeweza kupona kwa haraka hivyo. Peters na wenzake walichukua ubongo wa njiwa wagonjwa, wakaona kwamba unashindwa kuchoma sukari hadi mwisho. Kazi inakwama katikati, na asidi iitwayo piruviki inajirundika. Wakitia thiamini kidogo sana ndani ya chupa, ubongo ule huanza tena kutumia oksijeni.

Hapo alitambua jambo kubwa. Yako madhara ya mwili yasiyoonekana hata kwa darubini, kwa kuwa si jeraha la nyama bali ni jeraha la kazi: kiungo ni kizima, lakini hatua moja ya kemia yake imezuiwa. Ni mfano wa gari ambalo injini yake haina ufa hata mmoja, lakini bomba la mafuta limeziba. Fikira hiyo aliitoa mwaka 1931, nayo ndiyo iliyomwongoza katika vita iliyofuata.

SUMU IITWAYO LEWISITE

Mwaka 1918, Wamarekani walikuwa wametengeneza silaha mpya iliyopewa jina la mkemia wao Winford Lee Lewis. Waliiita lewisite. Ni majimaji ya mafuta yenye aseniki ndani yake, na harufu yake hufananishwa na ile ya ua la jiraniamu. Gesi ya haradali huunguza baada ya saa kadhaa, lakini lewisite huuma mara tu igusapo. Hupofusha macho, huchubua ngozi, na kisha aseniki yake hupenya hadi damuni ikamuua mtu kwa ndani. Vita ilikwisha mnamo Novemba 1918 kabla ya silaha hiyo kufikishwa uwanjani.

Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 ilipiga marufuku matumizi ya gesi za sumu vitani, lakini haikuyakataza mataifa kuzitengeneza wala kuziweka ghalani. Ilipofika mwaka 1939, Uingereza iliogopa kwamba Ujerumani ingetumia lewisite dhidi ya askari na hata raia mijini. Kinyago kingeyalinda macho na mapafu. Lakini je, tone likianguka juu ya mkono? Dawa haikuwapo. Serikali ikakikabidhi kikundi cha Oxford kazi hiyo, Peters akiwa kiongozi. Miongoni mwa wenzake walikuwapo Lloyd Stocken na Robert Thompson.

PINGU YA MIKONO MIWILI

Peters hakuanza na gizani. Mwaka 1923 mtaalamu Carl Voegtlin huko Marekani alikwisha kuonyesha kwamba aseniki hupenda kuishika salfa iliyomo katika chembechembe za mwili. Aidha, Peters mwenyewe alijua kutokana na njiwa wake kwamba kile kimeng'enya kichomacho asidi piruviki hudhurika upesi sana kikiguswa na aseniki. Kwa maneno mengine, ukosefu wa thiamini na sumu ya aseniki hulipiga daraja lile lile.

Basi ikaonekana njia iko wazi: mpe mwili salfa nyingine ili aseniki iishike hiyo na kukiacha kimeng'enya. Wakajaribu dawa zenye atomi moja ya salfa. Zilisaidia kidogo, lakini aseniki ilizitoroka na kurudi ilikokuwa. Hapa ndipo palipokuwa na kitendawili.

Stocken na Thompson wakaigeukia protini ya nywele, ambayo ina salfa kwa wingi, wakaichanganya na lewisite kisha wakapima. Waliona kwamba sehemu kubwa ya aseniki haikushikwa na salfa moja moja, bali kila atomi ya aseniki ilikuwa imeshikwa na salfa mbili zilizo karibu. Sababu ya dawa za kwanza kushindwa ikadhihirika. Adui alikuwa ameshikwa kwa mikono miwili mle ndani ya kimeng'enya, nao walikuwa wakijaribu kumvuta kwa mkono mmoja.

Wenzetu wa polisi watalielewa jambo hili kuliko mtu mwingine. Mhalifu mwenye nguvu ukimshika kiganja kimoja atajinyonga na kukuponyoka. Ukimtia pingu mikono yote miwili, hata kama kila pete ya pingu si nzito, hana njia: akiulegeza mkono mmoja, wa pili bado umefungwa, na ule wa kwanza hunaswa tena kabla hajakimbia. Wanakemia huita mshiko wa namna hii kwa neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa, kwa sababu kaa naye hubana kwa pande mbili.

Kwa hiyo wakatafuta molekuli ndogo yenye salfa mbili zilizokaa jirani. Mwaka 1940 Stocken aliitengeneza: mnyororo mfupi wa kaboni tatu, na salfa juu ya mbili kati ya hizo. Aseniki ikikutana nayo hufungwa ndani ya pete ya atomi tano, yaani aseniki yenyewe, salfa mbili na kaboni mbili, na pete hiyo ni imara kuliko mshiko wa kimeng'enya. Aseniki huachia, kimeng'enya huanza kazi tena, na sumu iliyofungwa pingu husindikizwa nje kwa njia ya mkojo. Ikipakwa jichoni ndani ya dakika chache baada ya tone la lewisite, iliweza kuliokoa jicho ambalo lingepofuka.

SIRI YAFICHULIWA

Kwa miaka mitano habari hizo zilifichwa kama zinavyofichwa ramani za vita. Wamarekani waliposhirikishwa waliipa dawa hiyo jina la British Anti-Lewisite, yaani kinga ya Kiingereza dhidi ya lewisite, na kwa ufupi ikaitwa BAL. Hospitalini inajulikana kwa jina la dimercaprol. Mwezi Novemba 1945, vita ikiwa imekwisha, Peters, Stocken na Thompson walitangaza matokeo yao kwa ulimwengu wote katika jarida la sayansi.

Ajabu ni hii, kwamba askari wa Uingereza na Marekani hawakupata kushambuliwa kwa lewisite katika vita ile ambayo dawa iliandaliwa kwa ajili yake. Je, ile jasho ya miaka mitano ilipotea bure? La, hasha. Wakati huo wagonjwa wa kaswende walitibiwa kwa dawa zenye aseniki, na baadhi yao walidhurika vibaya kwa dawa yenyewe. Hao walikuwa wa kwanza kuokolewa na BAL. Kisha ikaonekana kwamba pingu zile zinawafaa wahalifu wengine pia: zebaki, dhahabu, na risasi.

Tukitaja risasi tunawaomba wenzetu wa kiwanja cha shabaha na wa ghala la silaha wasikilize. Madini ya risasi hayaui kwa kupigwa tu. Vumbi na moshi wa madini hayo, hasa katika viwanja vya shabaha vilivyofunikwa, huingia mwilini kidogo kidogo kwa pumzi na kwa mikono isiyonawiwa, hukaa mifupani miaka mingi, na hudhuru damu, figo na ubongo. Dawa ipo, lakini maji na sabuni kabla ya kula ni bora kuliko dawa.

DAWA YAFIKA KWETU

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliangamiza zaidi ya watu 200,000 katika nchi ya Uganda, hasa Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria. Mwaka 1903, huko Entebbe, daktari mwingine wa jeshi, David Bruce, alithibitisha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Lakini kumjua mwenezaji hakukumponya aliyekwisha kuugua. Vijidudu vikishaingia ubongoni, mgonjwa husinzia, hupotewa na akili, na hufa.

Aseniki iliweza kuviua vijidudu hivyo, lakini ilimuua na mgonjwa. Mwaka 1949, Ernst Friedheim wa Uswisi alifanya jambo la werevu: alichukua dawa ya aseniki akaifunga kwanza kwa BAL, ili ukali wake kwa binadamu upungue na nguvu yake dhidi ya kijidudu ibaki. Dawa hiyo, melarsoprol, ilitumika kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki na Kongo kwa malale iliyokwisha kufika ubongoni.

Haitakuwa haki tukiisifu bila kusema ukweli wake. Sindano yake iliunguza mshipa kama moto, na takriban mgonjwa mmoja katika kila ishirini aliuawa na dawa yenyewe. Hata hivyo, bila dawa wangekufa wote. Daktari wa wilaya aliyeshika sindano ile alijua hesabu hiyo kila asubuhi, na mgonjwa naye alinyosha mkono akijua. Tunashukuru kwamba vidonge vya kumeza vimepatikana sasa, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia fexinidazole hata kwa malale kali ya upande wetu wa mashariki. Lakini kwa zaidi ya nusu karne pingu ya Peters ndiyo iliyosimama baina ya watu wetu na kaburi.

SHABA KATIKA UBONGO

Uko ugonjwa wa kurithi unaoitwa ugonjwa wa Wilson. Mtu mwenye ugonjwa huo hawezi kuitoa mwilini shaba aipatayo katika chakula. Shaba hujaa katika ini na ubongo, kijana huanza kutetemeka, ulimi huwa mzito, na zamani mwisho wake ulikuwa kifo. Mwaka 1951 madaktari wa London na wa Boston waliwapa wagonjwa hao BAL. Shaba ikatoka kwa mkojo, na watu waliokuwa hawawezi kushika kijiko wakaanza kujilisha.

Sindano za BAL, lakini, si starehe. Hutiwa katika mafuta ya karanga na kudungwa ndani kabisa ya msuli, nazo huuma sana na hupandisha shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, si kila madini yanafaa kufungwa kwa pingu hiyo. Kwa aina fulani za zebaki huweza kuipeleka sumu ubongoni badala ya kuitoa. Mahabusu aliyefungwa pingu, kisha akasindikizwa hadi ghala la silaha badala ya kituoni, ni hatari kuliko alivyokuwa. Hivyo wataalamu waliendelea kutafuta. Mwaka 1956 John Walshe alitangaza penicillamine, dawa ya kumeza kwa ugonjwa wa Wilson. Baadaye wakaja ndugu wa BAL wanaoyeyuka katika maji. Mmojawapo, DMSA, ndiye aliyetumika mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako vumbi la machimbo ya dhahabu lenye madini ya risasi lilikuwa limewaua watoto zaidi ya 400.

MIAKA YA MWISHO

Peters hakupumzika baada ya vita. Aliligeukia jani la Afrika Kusini liitwalo gifblaar, ambalo ng'ombe akilila na kunywa maji huanguka na kufa. Sumu yake ni asidi yenye florini. Peters aligundua kwamba asidi hiyo haiui kwa nguvu yake yenyewe. Mwili huidhania kuwa chakula, huipokea na kuiunda kuwa kitu kingine, na kitu hicho ndicho kinachosimamisha kazi ya chembe za uhai. Hivyo mnyama hujitengenezea mwenyewe silaha ya kumwua. Kwa kuwa fikira zake zilikuwa za askari, alikitambua kikosi cha adui kilichovaa sare ya rafiki.

Mwaka 1952 alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1954 alistaafu Oxford, na kiti chake kikachukuliwa na Hans Krebs. Yeye akaenda kufanya kazi katika taasisi ya Babraham karibu na Cambridge hadi mwaka 1959. Kati ya mwaka 1958 na 1961 aliongoza Baraza la Kimataifa la Vyama vya Sayansi, wakati ambapo mataifa ya Mashariki na Magharibi yalikuwa hayasemezani kwa mengi. Aliendelea na utafiti akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, na akafariki huko Cambridge mnamo Januari 1982 akiwa na umri wa miaka 92.

WARITHI WA PINGU

Elimu ya kuyashika madini kwa ajili ya tiba haikufa pamoja naye. Siku hizi wataalamu hutumia hata vipande vya protini vilivyofungwa kichwa kwa mkia vikawa pete, viitwavyo peptidi za mviringo. Faida ya pete ni kwamba haina ncha, hivyo vimeng'enya vya mwili havipati mahali pepesi pa kuanzia kuitafuna. Tena umbo lake halilegei ovyo, na mikono yake imekaa tayari kumpokea adui.

Maumbile yenyewe yalitangulia katika ufundi huo. Dawa ya vidonda iitwayo bacitracin, iliyopatikana mwaka 1943 kutoka katika jeraha la msichana aliyevunjika mguu mjini New York, ni peptidi yenye pete, na haifanyi kazi ya kuua bakteria mpaka iwe imeshika madini kama vile zinki.

Wataalamu nao wamekwenda mbele. Kwa baadhi ya saratani, wameunganisha vitu viwili. Cha kwanza ni peptidi ya mviringo yenye amino asidi nane, ambayo hulitambua vimbe la saratani kama mbwa wa polisi anavyotambua harufu. Cha pili ni pete nyingine yenye atomi nne za naitrojeni, ambayo huishika barabara ioni ya madini ya lutetium yatoayo mionzi. Pete ya kwanza humpata mhalifu, ya pili huibeba silaha, na mionzi huunguza vimbe bila kutawanywa mwili mzima. Dawa hiyo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Mshiko ukilegea, madini hayo yataishia mifupani na kumdhuru mgonjwa. Ukikaza, humponya. Somo ni lile lile la chuma katika damu, alilolianza Peters mwaka 1912.

FUNZO KWETU

Sisi tuliopitia chuo cha maofisa tulifundishwa kuvaa kinyago cha gesi kwa sekunde chache, na wengi wetu tulilalamika kwa joto lake. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali ulianza kutumika mwaka 1997, na mataifa mengi yameharibu akiba zao. Lakini mabaki yapo. Nchini China, lewisite iliyoachwa na majeshi ya Japani imeendelea kufukuliwa ardhini miaka mingi baada ya vita kwisha. Hivyo zoezi la kinyago si mchezo wa kupotezea muda.

Peters aliziona athari za gesi kwa macho yake akiwa kijana. Angeweza kutumia elimu yake kutafuta sumu iliyo kali zaidi, na serikali yoyote ingemlipa kwa furaha. Alipopewa kazi na nchi yake alitafuta dawa, na dawa hiyo haikuuliza mgonjwa ni wa jeshi gani. Imemhudumia Mwingereza aliyedhurika kwa tiba ya kaswende, kijana wa Boston mwenye shaba ubongoni, na mvuvi wa Busoga aliyeumwa na mbung'o.

Tena, wapiganaji wenzetu, angalieni jinsi alivyoshinda. Walipojaribu salfa moja ikashindwa, hawakuongeza kipimo tu na kumlaumu adui kwa ukaidi. Walirudi nyuma wakapeleleza adui ameshikiliwa namna gani, kwenye protini ya unywele, mpaka wakaijua idadi ya mikono yake. Kamanda anayepeleka kikosi kabla ya kupeleleza hupoteza watu. Daktari wa kikosi aliyepata nishani mbili katika tope la Ufaransa hakulisahau somo hilo alipovaa koti jeupe.